Maiti Hajazi Fomu

"Nani kasema?" Mumbua aliuliza.

Cherotich alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Si imeandikwa hapo, Anti? Jina la baba, Kibor Tirop. Na muhuri wa kaunti uko pale chini."

"Muhuri nimeuona. Sikuuliza kimeandikwa nini. Nimeuliza nani kasema."

Swali hilo lilikuwa limemlisha Mumbua miaka kumi na minane katika upelelezi wa polisi, Machakos kwanza, kisha Nakuru, kabla hajaja Doha kusimamia usalama wa hoteli yenye marumaru nyingi kuliko akili. Hotelini alitafuta saa za wageni zilizopotea, na mara nyingi akazipata mifukoni mwa majoho ya wageni wenyewe. Siku yake ya mapumziko, Wakenya wa Doha walimletea mambo yao. Alilalamika kila mara, na hakuwahi kukosa kufika.

Ijumaa hiyo walikaa watatu katika mkahawa wa chai ya karaki huko Muaither, upande wa familia, pazia likiwa limeshushwa. Bweni la wauguzi alikoishi Cherotich lilikuwa hatua chache kutoka hapo, lakini mlinzi wa bweni hakuruhusu mwanamume apite geti, awe mchumba, awe malaika. Basi Brandon alikuwa amekuja na kompyuta yake chini ya kwapa, akaagiza chai tatu na chapati za jibini, na tangu hapo hakuwa amegusa kitu.

Brandon alikuwa Mmarekani, mhandisi wa kompyuta, mrefu, mpole kupita kiasi. Alizungumza Kiingereza, ila kila alipokumbuka alijaribu Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Babu yake mzaa baba, Wesley Kiprop, alitoka Nandi mwaka wa sitini na moja kwenda kusoma Ohio, akafa huko kwa ajali ya gari mwaka wa sabini na nne. Hakurudi nyumbani hata mara moja. Brandon hakujua zaidi ya hapo, na mpaka alipokutana na Cherotich kanisani hakuwa amehitaji kujua.

Sasa alihitaji. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa koito, siku ya familia ya Cherotich kumpokea rasmi. Baba mdogo wake, Mzee Kimeli, aliyekuwa na neno la mwisho tangu baba yake Cherotich afariki, aliuliza swali moja tu ambalo Mnandi yeyote angeuliza: kijana ni wa ukoo gani? Cherotich ni wa ukoo wa nyuki, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Brandon alijibu kwamba yeye ni Mmethodisti.

"Nilipima hata DNA," Brandon alimwambia Mumbua. "Ikasema Afrika Mashariki."

"Hata kioo kingekuambia hivyo bure," Mumbua alisema. "Endelea."

Shangazi yake Brandon, Olivia, mwalimu mstaafu wa huko Ohio, aliingia kwenye kumbukumbu za kaunti akatoka na cheti cha kifo. Baba wa marehemu: Kibor Tirop. Cherotich alikituma nyumbani kwa furaha. Mzee Kimeli alikisoma, akasema Kibor Tirop anamjua vizuri sana, alikuwa mtu wa nyuki kama wao, na kwa hiyo yule kijana si mchumba, ni kaka. Koito ikafutwa hapo hapo. Mamake Cherotich, ambaye alikuwa ameshashona nguo, hakushika simu tangu Jumanne.

"Mimi sitaolewa na kaka yangu, Anti," Cherotich alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyaficha. "Lakini pia sitamwacha kwa sababu ya karatasi moja. Niambie tu kama ni kweli. Ikiwa ni kweli nitarudisha pete leo."

Mumbua aliisogeza kompyuta karibu. "Basi tuanze. Hiki ni cheti cha kifo. Wesley ndiye amekufa. Je, yeye ndiye aliyemtajia karani jina la baba yake?"

"Hapana," Brandon alisema.

"Hapana. Maiti hajazi fomu. Amejaziwa. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haya, nani aliyemjazia?"

Brandon alishuka hadi chini ya ukurasa. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha mtoa taarifa. Fabian Tirop. Uhusiano na marehemu: ndugu.

"Si unaona?" Cherotich alisema kwa sauti ya chini. "Ndugu yake. Na yeye ni Tirop."

"Bibi yako aliwahi kukutajia shemeji anayeitwa Fabian?" Mumbua alimuuliza Brandon.

"Kamwe. Lakini wakati huo bibi alikuwa ameshaachana na babu. Alihamia Kentucky na baba yangu akiwa mchanga. Kwao hawakumpenda babu. Walisema ni mtu asiye na baba."

"Walisema nini?"

"Kwamba hakuwa na baba. Kila mtu kwao alilisema hilo, hata mimi nililikuta."

Mumbua aliliweka neno hilo akilini, akanywa chai. Akauliza kuhusu huyo Fabian. Olivia, ambaye kwa bidii yake angefaa kuajiriwa, alikuwa ametafuta pia kumbukumbu za uraia. Fabian Tirop alizaliwa mwaka mmoja na Wesley, miezi minne nyuma.

"Miezi minne!" Mumbua alisema. "Mama gani huyo?"

"Mama wawili, Anti," Cherotich alimjibu. "Kibor Tirop alikuwa na wake wawili. Baba mdogo ndivyo alivyoeleza."

Hapo Mumbua akarudi nyuma kwenye kiti. Alikuwa ameshaanza kufurahi, na aliudhika kunyang'anywa furaha mapema hivyo. Wake wawili, watoto wawili, miezi minne. Iliwezekana kabisa. Majina nayo hayakusaidia, maana Kiprop ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mvua hainyeshei ukoo mmoja.

"Sensa ya Marekani je?" aliuliza.

"Za miaka hiyo bado zimefungwa kisheria," Brandon alisema. "Tungesubiri mpaka tuwe wazee."

"Sawa. Sasa nionyesheni mlivyovitupa."

Walitazamana.

"Kila mtu anayetafuta hutupa," Mumbua alisema. "Nakuru nilikuwa naanza na pipa. Mlipata nini mkasema hakifai?"

Brandon alisita, kisha akafungua folda nyingine. Alikuwa ameipa jina: *Makosa*. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ombi la leseni ya ndoa la mwaka wa sitini na saba, mjini Dayton, Wesley akimwoa bibi yake Brandon. Baba wa bwana harusi: Tapkigen. Mama: Jelimo. Kazi ya baba: ng'ombe. Baba yu hai? Ndiyo.

"Hiyo ni mimi niliyesema itupwe," Cherotich alisema. "Shangazi Olivia hakuona shida, kwake majina yote ni ya Kiafrika tu. Lakini Tapkigen ni jina la mwanamke, Anti. Mwanamke mtu mzima kabisa. Karani kachanganya, kaweka mama pahali pa baba na shangazi sijui pahali pa mama. Nikasema hii si ya kuaminika."

"Na ya pili?"

Ya pili ilikuwa fomu ya kuomba kadi ya hifadhi ya jamii, ile ambayo kila mtu anayeanza kazi Marekani hujaza. Cleveland, mwaka wa sitini na mbili. Mwandiko ulikuwa wa shule ya misheni, herufi zimelala upande mmoja. Baba: Tapkigen. Mama: Jelimo.

Mumbua aliweka kikombe chini. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Nje ya pazia mhudumu aliita oda ya mtu mara tatu.

"Hii nani kasema?" aliuliza, safari hii taratibu.

Brandon alielewa kabla ya Cherotich. "Yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe. Kwa mkono wake hapa, na kwa kiapo pale. Mtoto wangu, karani mmoja hukosea, nakubali. Lakini karatasi mbili, miji miwili, miaka mitano kati yao, hazikosei kosa lilelile." Alimgeukia Cherotich. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Eldoret."

"Mjini?"

"Mjini, Anti."

"Na mila ulifundishwa na nani?"

Cherotich akaona aibu kidogo. "Kanisa."

"Ndiyo maana. Haya, nisikilizeni. Nyanya yangu mimi, mzaa baba, aliolewa na mwanamke."

Brandon, ambaye ndiyo kwanza ameamua kuonja chai, aliikohoa yote. "Unamaanisha walikuwa wapenzi?"

"Woi! Hebu tulia. Mwili haumo kabisa. Kwetu Ukambani, mwanamke akifiwa na mume bila mtoto wa kiume, nyumba yake inazimika. Jina linakwisha, mali inakwenda kwa shemeji. Basi akiwa na ng'ombe, anatoa mahari, anaoa msichana. Msichana anazaa. Amezaa na nani? Hilo halikuhusu, na ukiuliza utatozwa mbuzi. Watoto ni wa yule mwanamke mkubwa, wa ukoo wa marehemu mumewe. Yeye ndiye bwana wa nyumba. Baba yangu mpaka anakufa aliulizwa baba yako nani, akajibu Kalunde. Kalunde alikuwa na hereni na matiti, na alikuwa baba yake."

Cherotich alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Hata kwetu ipo," alisema. "Anti, hata kwetu ipo! Kogo, nyanya yangu, alikuwa anasimulia jambo kama hilo, mama akamkataza kwa sababu mchungaji alikuwa sebuleni. Nami nikaitupa karatasi. Mimi Mnandi!"

"Uliitupa kwa sababu wewe ni Mnandi. Mmarekani asiyejua lolote aliiacha kama ilivyo."

Brandon aliifungua tena ile ya ndoa. "Kwa hiyo waliposema hana baba..."

"Usikimbie," Mumbua alimkatiza. "Hii bado ni dhana. Dhana haiendi mbele ya wazee. Nataka mtu. Huyu Fabian amekufa?"

"Shangazi Olivia hakupata tangazo la kifo chake."

"Mtu asiye na tangazo la kifo ana simu. Tafuta."

Haikuchukua muda. Jarida la kanisa moja la Dayton lilikuwa limempongeza Fabian Tirop kwa kutimiza miaka themanini na mitano, picha na keki vyote vikiwepo. Brandon aliandikia ofisi ya kanisa, akieleza yeye ni mjukuu wa nani. Walikuwa bado wanabishana kuhusu chapati zilizopoa pale jibu lilipokuja. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi hapo ofisini akipanga vitabu vya nyimbo. Kule ilikuwa asubuhi.

Mumbua alipiga simu ya kawaida, ya kulipia, akaiweka mezani na kuongeza sauti. Kabla haijaita aliwanyooshea kidole wote wawili. "Hakuna kumtajia mtu jina. Shahidi halishwi."

"Haloo," ilisema sauti ya kizee, kavu lakini yenye nguvu.

"Shikamoo, Mzee Tirop. Mimi naitwa Mumbua. Nakupigia kutoka Doha."

"Marahaba, mwanangu. Lo! Kiswahili changu kina kutu, utanisamehe. Mnasema yuko mjukuu wa Wesley?"

"Yuko hapa anakusikia. Mzee, mwaka wa sabini na nne ulitia sahihi cheti cha kifo cha Wesley. Uliandika wewe ni ndugu yake."

"Ndiyo."

"Wa damu?"

Mzee alicheka kidogo. "Damu gani tena? Tulitahiriwa siku moja. Tulikaa jandoni kibanda kimoja, tukalala ngozi moja. Wewe ni kabila gani?"

"Mkamba."

"Basi unajua ninachosema. Ndugu ni nani kama si huyo?"

"Najua, Mzee. Lakini karani wa Dayton hakujua."

"Hakujua," mzee alikubali. "Sikiliza. Mke wake alikuwa ameondoka. Pale hospitalini wakaniambia, asipopatikana ndugu wa karibu, kaunti itamzika. Katika shimo la watu wasio na wenyewe, mwanangu. Wesley! Nikasema ndugu ni mimi hapa. Yule mama akauliza, baba yenu nani? Nikasema Kibor Tirop. Ningesemaje? Baba yangu alikuwa baba yake pia kwa heshima ya jando. Nilipewa maiti, nikamzika vizuri, nina risiti ya jiwe mpaka leo. Je, nilidanganya?"

Cherotich alifunika mdomo kwa kiganja.

"Hukudanganya, Mzee," Mumbua alisema. Alijizuia, maana alitaka swali la mwisho litoke safi. "Na baba yake wa nyumbani? Yule wa Wesley mwenyewe?"

Kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesogeza kiti. "Hilo nilifungwa mdomo nalo. Wakwe zake walimcheka. Walimuuliza wakati wa harusi, baba yako nani, naye akawaambia ukweli, mjinga yule, akafikiri wataelewa. Wakasema kumbe hana baba. Tangu hapo akaniambia, Fabian, usiwape tena watu hawa jina la baba yangu walichezee."

"Sisi hatutalichezea."

"Tapkigen," mzee alisema. "Baba yake aliitwa Tapkigen. Alimwoa Jelimo kwa ng'ombe wake mwenyewe, akamsomesha Wesley kwa maziwa. Karo ya chuo ilipokwisha, Wesley aliingia kiwandani, akaona haya kurudi mikono mitupu. Kila mwaka alisema, mwaka ujao."

Brandon alijiinamia juu ya simu. Alichagua Kiswahili. "Asante kwa kumzika, babu."

"Unazungumza kama yeye," mzee alisema.

Mumbua alipokata simu, hakuwapa nafasi ya kulia. "Bado. Tumepata baba, hatujapata ukoo. Cherotich, mpigie Mzee Kimeli. Usimweleze lolote. Nipe mimi niulize."

"Ataniona mjeuri."

"Ameshakuona mjeuri. Piga."

Mzee Kimeli alishika kwa mlio wa pili, jambo lililoonyesha kwamba naye hakuwa na amani. Alimsalimu Mumbua kwa adabu na kwa baridi. Kama ni habari ya yule kijana, alisema, wasimchoshe. Nyuki haoi nyuki, hata Marekani.

"Sikukupigia kubishana, Mzee. Nina swali moja la kijinga. Huko kwenu Kabiyet, alikokuwa Kibor Tirop, umewahi kusikia jina Tapkigen?"

"Kwa Tapkigen? Nani asiyepajua? Ni stendi ya bodaboda, pale njia panda. Kwa nini?"

Cherotich na Brandon waliangaliana. Mumbua aliinua mkono wasithubutu kupumua.

"Stendi ile ilipataje jina hilo?"

"Ah, hayo ni mambo ya zamani. Vijana wanaoshinda pale hata hawajui. Alikuwa bibi mmoja, marehemu mume wake alikuwa mtu wa ukoo wa paa, yule swala mdogo. Hakubahatika mtoto wa kiume, basi..." Alisita. "Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Mimi ni Mkamba, Mzee. Sema tu. Alioa."

"Eeh, alioa. Akapata mtoto mmoja, mvulana, kichwa kweli kweli. Wakampeleka ng'ambo kusoma, hakurudi. Mama yangu alikuwa akisema, kila asubuhi baada ya kukamua, Tapkigen alitoka akasimama pale njia panda. Basi la Kapsabet likipita analiangalia mpaka mwisho, kisha anarudi nyumbani. Miaka na miaka. Watu wakawa wanamwambia kondakta, nishushe kwa Tapkigen, kwa sababu yupo amesimama. Alipokufa jina likabaki. Nyumba yake ndiyo hiyo, ilizimika."

Mumbua, aliyewahi kusikiliza hukumu za watu mahakamani bila kupepesa, alijikuta anatafuta tishu kwenye mkoba.

"Mzee Kimeli," alisema hatimaye. "Yule mvulana aliitwa nani?"

"Jina la kuzaliwa alikuwa Kiprop. La ubatizo sikumb—" Sauti ilikatika yenyewe. Walisikia kuku kwa mbali, na mtu akiambiwa kwa Kinandi anyamaze. Aliporudi, Mzee Kimeli alizungumza kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Cherotich. Huyo kijana ni mjukuu wa nani?"

"Mwambie mwenyewe," Cherotich alimnong'oneza Brandon.

Brandon aliishika simu kwa mikono miwili. "Baba mdogo, mimi ni Brandon. Babu yangu ni Wesley Kiprop. Baba yake ni Tapkigen. Amesema mwenyewe mara mbili, kwa mkono wake na kwa kiapo. Karatasi ninazo."

"Paa," Mzee Kimeli alisema, akijiambia mwenyewe. "Paa na nyuki wanaoana tangu enzi." Kisha akapiga kelele, akimwita mamake Cherotich aache aliyokuwa anafanya aje, aje sasa hivi. Walimsikia akipenga kamasi. Aliporudi kwenye simu, sauti ya ukali aliyokuwa ameanza nayo alijaribu kuirudisha, na haikurudi.

"Kijana unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wiki ijayo mkitoka uwanja wa ndege, mwambie dereva asikuteremshe kwangu. Wala mjini usishuke. Akushushe hapo kwa Tapkigen. Sisi tutakuwa tumesimama."